Bodi ya triga niliyofunga kwenye Ion yangu, na dharau niliyokutana nayo kwenye kaunta

Naandika nikiwa bado nimekasirika, nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko chini. Nilinunua bodi ya triga ya umeme, ule ubao wa saketi unaoamuru kufyatua, ya kufunga kwenye marka yangu, yaani bunduki ya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa mipira ya rangi, siyo bodi ya waliotengeneza marka, ni hizi za pembeni zinazotengenezwa na makampuni mengine, na kiukweli mwanzoni nilikuwa naisifia kwa kila mtu, tukikaa kwenye nyama choma wenzangu wanaongelea mpira mi naongelea bodi. Sifa zake zote zipo kwenye tangazo lao, sina haja ya kuzirudia. Mi nataka kuongelea swichi moja na jamaa mmoja wa kaunta.

Marka yenyewe ni Smart Parts Ion. Ilipotoka 2005 ndiyo ilifanya mtu mwenye hela ya kawaida naye ashike marka inayofanya kazi kwa umeme na hewa tupu bila nyundo, kabla ya hapo ukitaka ya namna hiyo ujipange kweli kweli, zilikuwa za watu wa mashindano. Kampuni ikafungwa 2010, kwa hiyo sa hivi bodi mpya ya kiwandani usitegemee, ni ama uchomoe kwenye marka ya mtu iliyokufa ama ununue hizi za pembeni. Yangu niliipata mkononi kwa Mmarekani mmoja huku Dallas, imechubuka chubuka lakini hewa haivuji kabisa, na nilichoipendea ni ulaini wake, ukifyatua haikurushi mkono kama zile marka zenye nyundo na springi ndani. Hilo la kurusha likumbukeni, kuna mtu atakuja kulitumia vibaya huko mbele.

Bodi ya zamani ilishachoka, marka ikawa inakata mipira hovyo. Kwa wasiocheza, mle kwenye chemba kuna macho mawili yanaangaliana, moja linatoa mwali lingine linaupokea, mpira wa rangi ukishuka na kukaa sawasawa unaukata ule mwali na bodi inajua sasa ruksa kufyatua. Bodi ikishindwa kuyasoma macho inafyatua mpira ukiwa nusu ndani nusu shingoni, bolti, kile kinachousukuma mpira mtutuni, inaukata katikati, rangi inajaa mle ndani yote, na kuanzia hapo kila mpira unaotoka unapinda maana mtutu umeshalowa rangi. Unajikuta umelala nyuma ya pipa unasafisha mtutu wakati wenzako wanapigwa mmoja mmoja na wanakuita jina lako. Hali hiyo inakera sana na ndiyo iliyonifanya nitoe hela, na hela yenyewe ilizidi hata niliyonunulia marka, mjue hilo pia.

Kuifunga siyo kazi. Unafungua mpini, unatoa betri ya volti 9, unachomoa plagi ya solenoidi, ile vali ya umeme inayoachia hewa, na ya macho, unatoa bodi ya zamani unaweka mpya, unarudishia. Ukiwa na bisibisi nzuri na mwanga wa kutosha chai yako haipoi.

Na ilipokuwa inafanya kazi, aisee. Sijawahi kushika triga ya namna ile. Unagusa tu inaitika. Macho inayasoma haraka na mpira haukatwi, niliingia na hopa, lile kopo la mipira la juu ya marka, imejaa nikatoka imeisha na nikichungulia mtutu ni mkavu kabisa. Halafu unaweza kuipanga mwenyewe, solenoidi ifunguke kwa milisekunde ngapi, triga isubiri muda gani kabla ya kukubali mvuto mwingine, unaingia kwa kubonyeza triga huku unahesabu taa inavyowaka, mwanzoni inachanganya lakini ukishaizoea ni rahisi. Kuna kijana wa Kikongo anatoka Fort Worth tunacheza naye, ana marka mpya ya bei mbaya, aliishika yangu akafyatua kidogo akaniangalia akasema, "Kaka, hii umeitoa wapi?" Siku ile ningeulizwa ningewapa nyota tano na ya sita ningewaongeza.

Sasa sikilizeni.

Uwanja tunaochezea sheria yao ni vuta moja toka moja. Ligi kubwa za mashindano zina utaratibu wao, kule bodi inaruhusiwa kukuongezea mipira ukishavuta kwa kasi fulani, miaka ya nyuma walikuwa wanafika mipira 15 kwa sekunde, wakawa wanashusha wanashusha mpaka 10 na ushee. Ila uwanja wa wikiendi una watoto, una watu wamekuja kusherehekea birthday, una mama wa watu amekuja kwa mara ya kwanza na marka ya kukodi, huwezi kumwagia mtu kama huyo mvua ya mipira, na mimi nakubaliana na sheria hiyo asilimia mia. Bodi yangu niliipanga hivyo hivyo, mvuto mmoja mpira mmoja, na nikakagua.

Mchezo unaendelea, navuta mara moja zinatoka mbili. Navuta tena zinatoka tatu. Navuta inatoka moja vizuri, nikadhani imejirekebisha, halafu tatu tena. Refa akapuliza filimbi akaniita pembeni. Akaipeleka kwenye kipima kasi, kasi iko sawa, chini ya futi 280 kwa sekunde, lakini yeye mwenyewe anavuta mara moja zinatoka mbili. Akaniuliza mbele ya watu wote kama nimewasha ile ya kuongeza mipira kwa siri. Simlaumu hata kidogo, yupo kulinda watu na alichokiona ndicho alichokisema, lakini jamani kuitwa mdanganyifu mbele ya watu unaocheza nao kila msimu inauma. Nikamaliza siku na marka ya kukodi.

Nyumbani nikapandisha ule muda wa kusubiri mpaka mwisho. Kila swichi ina tabia ya kutetemeka kidogo inapoachia, ule mtetemo bodi inaweza kuuhesabu kama umevuta tena, ndiyo maana kuna huo muda wa kuupuuzia. Nikaupandisha mpaka triga ikawa nzito kuitika, na bado zinatoka mbili. Hapo nikajua tatizo siyo mpangilio. Nikaitoa bodi nikaiweka mezani chini ya taa. Swichi ya triga, hiyo hiyo ambayo kidole chako kinaigusa kila sekunde, imekaa upande. Ina miguu mitatu, miwili imeshika, wa tatu lehemu imeuzunguka tu pembeni kama pete, katikati unaona kauwazi cheusi, yaani mguu unacheza ndani ya tundu lake. Nikachukua kijiti cha meno nikaisukuma swichi kidogo sana bila hata kuibonyeza, taa ikawaka ikazima ikawaka. Basi hiyo ndiyo mipira mitatu yangu. Imetoka kiwandani hivyo, mkono wangu haujawahi kufika pale na chuma cha kulehemu sina.

Nikasema siyo shida, vitu vinatengenezwa na binadamu, narudi dukani nabadilishiwa. Nimewafungia vizuri kwenye boksi lake, na risiti, na marka nimebeba ili nikitakiwa nioneshe.

Jamaa wa kaunta hakuitikia hata salamu. Namweleza, anaangalia simu. Nikamaliza, akaniuliza swali moja tu, "Uliifunga?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi waranti imeisha, ukishaifunga umeshaichezea. Nikamuuliza sasa bodi ya triga inatumikaje bila kufungwa? Hakujibu. Nikamwomba aangalie mguu mmoja tu wa swichi, na pale pale pembeni ya mashine ya hela kulikuwa na kioo cha kukuzia, kile chenye taa, wanachokagulia pete za kuzuia hewa, mkono wake ulikuwa karibu nacho kiasi cha kukigusa. Sekunde tano zingetosha. Hakukichukua. Badala yake akaangalia marka yangu akasema zile za zamani zinarusha sana, triga inajigonga kwenye kidole ndiyo maana inafyatua mara mbili, nunua marka mpya. Ion inarusha? Mtu anauza vifaa vya Ion na anamwambia mteja kwamba Ion inarusha! Nikamwambia niliipima mezani, bila hewa, bila mpira, imelala, taa inawaka kwa kusukumwa na kijiti. Hapo akaichukua bodi akaitupa kwenye kaunta ikateleza mpaka kwangu, bodi wazi, haina hata mfuko wake, akasema kuna watu wanaharibu vitu nyumbani halafu wanakuja kulia hapa.

Nilikaa kimya maana nilijua nikifungua mdomo nitasema kitu ambacho mama yangu hakunilea nikiseme. Lakini yule kijana nyuma yangu kwenye foleni, Mmarekani wa watu hata simjui, ndiye aliyesema "mwangalizie basi." Hakuangalia.

Ninachowaambia ni kwamba mimi singegomba kama angeangalia akasema hapana. Angekichukua kile kioo, akaona, akaniambia samahani sera yetu ni hii, ningeondoka na hasira za kawaida. Kukataa kuangalia ni kitu kingine kabisa, ni kumwambia mtu kwamba unachokisema wewe hakistahili hata sekunde zangu tano. Kariakoo ukimpelekea fundi simu kitu kama hicho, kabla hujamaliza sentensi ameshakiweka chini ya lenzi, na hajasoma popote, na hujamlipa bado.

Aliyeniokoa ni Mkenya mmoja tunacheza naye, kazi yake ni kutengeneza mashine za hospitali. Akaniambia, "Leta hiyo kitu nione." Aliangalia kidogo tu akacheka kwa uchungu, "Hii hawakushikisha kabisa, walipitisha tu." Akanyonya lehemu ya zamani, akaitoa swichi, akaweka nyingine mpya ya dola chache aliyokuwa nayo kwenye droo, imenyooka, miguu yote imeshika. Hela yangu akakataa. Tukarudi uwanjani nikamtafuta yule yule refa nikampa aipime mwenyewe, akavuta akavuta, moja moja moja, akanirudishia akaniambia pole kwa siku ile. Na tangu hapo bodi haijanisumbua, iko vile vile kama siku ya kwanza, triga tamu, mtutu mkavu.

Kwa hiyo hapa nilitaka kuandika kwamba bodi ni nzuri, nunueni, ila lile duka mlikwepe. Nimeandika hiyo sentensi nimeifuta. Maana nikifikiria, nani mwingine ana rafiki wa kutengeneza mashine za hospitali? Mtu anayeanza, amejibana mwezi mzima akanunua, akifukuzwa uwanjani kwa sababu ya mguu mmoja wa swichi atafanya nini? Na waliotengeneza nao siwaachi, niliwaandikia barua pepe na picha za karibu kabisa zinazoonesha ule uwazi, wakajibu nitume picha, nikatuma tena, wakajibu nirudi kwa aliyeniuzia. Aliyeniuzia ndiyo huyo. Walioandika programu ya mle ndani ni watu wenye akili sana na nawaheshimu, lakini bodi ya triga ambayo swichi ya triga haijashika ni kitu gani? Nilikuja hapa na nyota tatu nashuka na moja, na kama refa asingenirudishia heshima yangu ningeweka sifuri.

Kama umeshainunua na iko kwenye boksi, usikimbilie kuifunga. Iweke mezani, chomeka betri, angalia swichi kwa pembeni uone kama imelala sawa na bodi, isukume taratibu huku na huku kwa kijiti cha mbao bila kuibonyeza, taa isiwake hata mara moja. Ikiwaka, rekodi video ya risiti na bodi na taa kwa pamoja, irudishe siku hiyo hiyo, na wakikwambia kaifunge kwanza uijaribu usikubali.