Scamp ya futi 13 iliyotumika: ganda lake la kuaminika, kazi iko chini

Kwa anayeishi Minnesota, Scamp si kitu kigeni. Ni ile karavani ndogo yenye umbo la yai inayovutwa na gari la kawaida, na inatengenezwa humohumo jimboni, katika mji mdogo wa Backus, tangu miaka ya 1970. Ninayoizungumzia hapa ni ya futi 13, iliyokwisha tumika miaka 15 hadi 30, ikiandaliwa kwa safari yake ya kwanza ndefu: tuseme kushuka na barabara ya I-35 kutoka Minneapolis hadi Dallas, zaidi ya maili 900 kwenda tu.

Maoni yangu niyatoe mapema. Ni trela nzuri, pengine nzuri kuliko zote za ukubwa wake kwa anayenunua kuukuu, lakini wengi huitengeneza kuanzia mahali pasipofaa. Wanaanza na matakia, mapazia na rangi ya makabati. Wiki ya safari ikifika, tairi ni zilezile alizoacha mwenye mali wa kwanza. Anza chini, panda juu, na mapazia yawe ya mwisho.

Kwanza sababu ya kuisifu. Ganda ni la faiba, halina nguzo za mbao ukutani. Limeundwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa katikati kama bakuli mbili zilizofunikana midomo. Trela za kawaida zina paa, kuta na pembe zilizounganishwa kwa vipande vingi, na kila kiungo ni mlango wa maji. Humu viungo hivyo havipo. Ndiyo maana utaona Scamp ya miaka mingi bado imesimama wakati trela za rika lake zimekwisha kuoza.

Hata hivyo inavuja, na inavujia palepale kila mara: kwenye madirisha, kwenye tundu la hewa la paa, na kwenye riveti. Makabati ya ndani yameshikiliwa na riveti zilizotoboa ganda hadi nje, kila moja ikiwa na kofia yake ya plastiki. Jua hupasua kofia, riveti hulegea kwa mtikisiko, maji huteremka nyuma ya kabati usiyaone mpaka sakafu inyonye. Kipimo chake ni rahisi: mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira wa bustani, akianzia chini na kupanda polepole, dakika tano kila mahali. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi. Riveti iliyolegea itoboe kwa keekee, weka mpya ya kipenyo kilekile ukiwa umeipaka sili ya boti, kisha kofia mpya. Dirisha linalovuja litolewe lote, lisafishwe, lirudishwe na utepe wa butili, ule wa mpira unaonata. Usipake silikoni ya bafuni juu ya ufa. Inabanduka kwenye faiba, na ikishapita hapo hakuna sili nyingine itakayoshika vizuri hadi uikwangue yote.

Sakafu ndiyo sehemu pekee kubwa ya mbao, na mbao yenyewe ni ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi, vikapakwa rezini upande wa chini. Chukua bisibisi, uinue zulia au plastiki ya sakafu, udunge karibu na mlango, pembe mbili za nyuma, na chini ya meza. Mbao nzima inakataa bisibisi. Ikiingia kama kwenye mkate, kuna kazi ya kukata na kuweka mbao mpya. Sehemu ndogo karibu na mlango hutengenezeka wikendi moja. Ikiwa imeoza pale ganda linapofungwa kwenye fremu kwa bolti, usisafiri nayo kabisa.

Sasa ingia chini, na hapa usiwe na haraka.

Ekseli ya Scamp haina springi za majani. Ndani ya bomba la ekseli mna mhimili wa chuma uliozungukwa na fito za mpira. Gurudumu likipanda, mkono unaolishika hujizungusha na mpira hubanwa. Ni mfumo mtulivu na hauhitaji matunzo, lakini mpira huzeeka hata trela ikiwa imeegeshwa tu. Baada ya takriban miaka 25 huwa umekakamaa. Trela hudunda badala ya kunyumbuka, na mdundo huo ndio unaokata riveti na kulegeza makabati. Wengi hulaumu makabati na kosa liko kwenye ekseli. Ili kuipima, weka jeki chini ya fremu, kamwe si chini ya bomba la ekseli, uinue mpaka tairi liache ardhi. Mpira mzima utalisukuma gurudumu chini, na utaliona likishuka. Likibaki palepale kama lililochomelewa, ekseli imekufa. Hairekebishwi, inabadilishwa nzima. Unapoagiza mpya utaulizwa umbali kati ya uso wa habu (kitovu cha gurudumu) moja na nyingine, umbali kati ya mabano ya kufungia, uzito itakaobeba, na pembe ya mkono. Agiza yenye breki za umeme hata kama ya zamani haikuwa nazo. Gharama ya nyongeza ni ndogo ukilinganisha na kuja kuziongeza baadaye, na gari dogo linalovuta linahitaji msaada huo kwenye mteremko wa mvua.

Ukiwa bado umelala chini, angalia fremu pale mikono ya ulimi wa trela (sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari) inapopinda, mbele kidogo ya ganda. Trela za zamani za aina hii zinajulikana kwa kupasuka hapo. Safisha kwa brashi ya waya utafute mstari mwembamba wa kutu. Ukiuona, mpelekee fundi wa kuchomelea na umwambie aongeze bamba la kuimarisha, asizibe ufa tu.

Tairi. Sura ya tairi inadanganya. Soma herufi DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Likizidi miaka sita, litoe hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa sababu tairi la trela hufa kwa uzee na jua kabla ya kulika. Nyingi za trela hizi huvaa ST175/80R13. Herufi ST ni za trela, na za gari dogo zisiwekwe mahali pake. Tairi la kipimo hicho la daraja C hubeba ratili 1,360 kwa hewa ya psi 50, na psi 50 hizo ndizo unazoweka, asubuhi kabla tairi halijapata moto. Kulipunguza hewa "ili liwe laini" ndiko kunakolipasua: ubavu unapinda, unachemka, tabaka zinaachana. Mengi hayakuundwa kuzidi maili 65 kwa saa, kwa hiyo bango la 75 la Oklahoma usilifuate. Na spea iwe ya umri uleule wa tairi zingine. Spea ya mwaka 2004 iliyofunikwa vizuri nyuma ya trela ni pambo.

Beringi hazitaki kubahatisha, na nashauri uzifungue hata kama muuzaji amekuapia kwamba zimetiwa grisi juzi. Toa kofia ya vumbi, nyoosha na chomoa pini, fungua nati, toa washa (kile kipete bapa cha chuma), beringi ya nje, kisha vuta habu. Sili ya nyuma itupe. Mpya ni bei ya soda chache na ya zamani haifungi tena vizuri ikishang'olewa. Osha beringi kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Tafuta rangi ya bluu, ambayo ni alama ya kuungua, na vishimo kwenye roli au kwenye njia yake ndani ya habu. Ukiona kimojawapo, badilisha beringi pamoja na njia yake, si nusu. Weka grisi kiganjani, ukandamize ukingo mpana wa beringi ndani yake mpaka grisi itokeze upande wa pili, ugeuze, uendelee mzunguko mzima. Ukirudisha habu, kaza nati huku ukiizungusha ili beringi zikae, ilegeze kabisa, kisha kaza kwa vidole tu mpaka iguse. Weka pini. Anayekaza kwa spana na kuacha hivyo atazichoma beringi kabla ya kufika Des Moines. Kazi hii hurudiwa kila miezi 12 au maili 12,000.

Kuhusu kuunganisha na gari, tazama namba iliyopigwa mhuri juu ya kikombe cha ulimi, kile kinachofunika tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Kikombe cha inchi 2 hukubali tufe la inchi 1⅞, kinajifunga, kinaonekana salama, kisha shimo moja la barabarani linakirusha. Minyororo miwili ipishane chini ya ulimi ili uchomokapo udakwe usichome lami. Uzito wa ulimi uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Scamp hii ikiwa tupu ina ratili 1,200 hadi 1,500 hivi. Ukiipakia ikafika 1,800, ulimi unapaswa kuwa kati ya 180 na 270. Mizani ya bafuni inayofika ratili 300 inatosha: simamisha kipande cha mbao juu yake kwa kimo cha tufe la gari, shusha ulimi juu ya mbao, soma. Ukiwa mwepesi mno trela itatikisa mkia. Trela ndogo ndiyo hukosewa zaidi hapa, maana kreti mbili za maji zilizowekwa nyuma chini ya meza zinatosha kugeuza hesabu. Vitu vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Mkia ukianza kucheza njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na ukandamize breki za trela peke yake kwa swichi yake ya mkono. Usikanyage breki za gari ghafla.

Taa nitazipita haraka. Nyingi zinazowaka na kuzimika bila mpango hazina ubovu mwingine ila waya mweupe wa ethi uliokula kutu pale ulipofungwa kwenye fremu. Kwangua chuma mpaka king'ae, funga upya, paka grisi.

Gesi ina mambo matatu ya lazima. Mtungi wa Marekani una tarehe ya kutengenezwa shingoni, na baada ya miaka 12 lazima ukaguliwe upya ndipo ujazwe. Viungo vyote vipimwe kwa maji ya sabuni, mtungi ukiwa umefunguliwa. Povu likikua, hapo panavuja, na usilitafute kwa kiberiti hata siku moja. Vitambua-gesi, cha propani na cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu), vina tarehe ya kuisha nyuma yake. Vilivyopita vinaweza kuwaka taa ya kijani na visinuse chochote. Friji ya gesi ikikataa kupoza, kabla ya kuihukumu ifungue nyuma usafishe kichomeo: buibui hupenda kujenga utando kwenye tundu lake, na kutu hudondoka kutoka kwenye bomba la moshi juu yake. Pia trela lazima isimame sawasawa, la sivyo friji hiyo haifanyi kazi hata ikiwa mpya. Njiani funga mtungi. Ukiitumia friji kwa umeme wa gari, kumbuka kuizima unapoegesha, kwa sababu hunyonya betri haraka sana.

Tangi la maji ni galoni 12. Litie dawa kabla ya safari: jiki isiyo na manukato, vijiko vitatu vya mezani, na tangi lijae. Fungua bomba mpaka harufu ifike, acha saa nne au zaidi, mwaga, suuza mara mbili. Kisha kagua pampu na viungo vya mabomba. Trela iliyokaa baridi ya Minnesota bila kuondolewa maji huwa na ufa mahali fulani, nao hujionyesha pampu ikijiwasha kila baada ya dakika chache wakati hakuna aliyefungua bomba.

Ndani, mtu mwenye kimo cha futi 6 anasimama bila kuinama. Meza ya nyuma hugeuka kitanda cha watu wawili wasiochukia kukaribiana. Mbele mna vitanda viwili vyembamba vya kupandiana au choo, kutegemea aina. Familia ya watu watano isijidanganye. Kwa wawili, au wawili na mtoto mmoja, inatosha vizuri, na inaegeshwa mahali popote gari linapoegeshwa.

Bei yake haishuki upesi, kwa hiyo mpunguzie muuzaji kwa vipimo: ekseli iliyokakamaa, tairi zilizozeeka na sakafu laini ni fedha utakazotoa wewe, na mwonyeshe kimoja kimoja akiwa amesimama hapo. Ukishamaliza matengenezo, lala nayo siku mbili umbali wa maili 30 kutoka nyumbani. Njiani simama baada ya maili 10, 25 na 50 ukaze nati za magurudumu kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota, na kila mara uguse habu kwa nyuma ya kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ikikulazimisha kuondoa mkono, geuza urudi nyumbani polepole ukaifungue tena.