Ramani ya Explorer kwa wasaka nguzo za wapima ardhi

Kama upo Uingereza na miguu yako, kama yangu, hukubali saa mbili tu kabla ya kuanza kudai chai, kusaka nguzo za wapima ardhi ni burudani yako. Nguzo zenyewe ni za zege, kimo cha kifuani, na zilijengwa takriban 6,500. Ya kwanza kutumika ni ile ya Cold Ashby, Northamptonshire, mwaka 1936. Ukifika, chungulia juu yake: kuna bamba la shaba lenye mifereji mitatu iliyokutana katikati. Humo ndimo ilimokaa miguu ya teodolaiti, chombo cha kupimia pembe, ili kila atakayekuja kupima aanzie palepale alipoanzia mwenzake. Ubavuni kuna kibao chenye namba. Setilaiti zimezinyang'anya kazi, ila nyingi bado zimesimama.

Sasa ramani. Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, wanazo mbili zinazowafaa watembeaji, nami ninazo zote: Landranger ya jalada la waridi, kipimio 1:50,000, na Explorer ya jalada la rangi ya chungwa, 1:25,000. Zote huonyesha nguzo kwa kipembetatu chenye nukta ndani. Explorer inashinda, na sababu ni nyua za mashamba.

Milimani nguzo unaiona toka mbali. Lakini kwenye vilima vya mashambani, vile ambavyo hata hujui kama umeshafika kileleni, nguzo hujibanza kando ya ua, imemezwa na miiba. Explorer huchora mipaka ya kila shamba, Landranger haichori. Basi unahesabu: shamba la kwanza, la pili, kata kona, nyoosha mkono ndani ya kichaka. Zege hilo.

Jambo jingine ni rangi. Njia za umma zina vistari vya kijani, na maeneo ya Uingereza na Wales ambako sheria ya mwaka 2000 inaruhusu kutembea bila kufuata njia yamepakwa njano hafifu. Kipembetatu kikiwa kwenye weupe na hakuna kijani kinachokifikia, hapo ni shambani kwa watu. Piga hodi au geuza.

Kwa Ivinghoe Beacon, Buckinghamshire, usinunue ramani yoyote. Ni kilima cha nyasi tupu, mwisho wa njia ya Ridgeway, nguzo iko wazi juu, na watoto wanaipanda.

Ubaya wa Explorer ni ukubwa wa karatasi, maana vilele vina upepo. Ikunje ukiwa bado ndani, kipande unachokihitaji kibaki nje. Inakuja pia na namba ya kupakulia ramani hiyohiyo kwenye simu, lakini chaji hupungua haraka kwenye baridi.

Landranger sijaitupa. Karatasi moja hufunika kilomita 40 kwa 40, kwa hiyo naitandaza mezani kuchagua vipembetatu vya wiki ijayo, kisha naiacha hapohapo mezani.