Mkutano wa wazi au wa faragha?

Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaosaidiana kuacha pombe iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ina mikutano ya aina mbili. Ule wa wazi hupokea yeyote: mke, kaka, hata mwanafunzi wa udaktari. Kama bado unasitasita, anzia hapo. Kaa nyuma usikilize tu, na ndugu yako akiwa kando.

Wa faragha ni wa wale tu wenye nia ya kuacha pombe. Humo ndimo mtu huthubutu kusema aliuza hata sufuria za nyumbani apate ya kunywa, maana wanaomsikiliza wameipita njia hiyo hiyo. Kwa anayeelemewa na aibu, mimi ningemwelekeza huku. Kote hakuna kiingilio, na jina la kwanza latosha.