Uzoefu wangu na maunti ya chuma ya kipande kimoja, bunduki ilikuwa nzima kumbe ringi ndo mbovu

Naanza na ubaya wake. Hii maunti (kishikio cha kufungia darubini juu ya bunduki, ringi zake ndo zinabana bomba la darubini) ni nzito, chuma kitupu, ukitembea nayo porini siku nzima bega litakwambia, halafu skrubu walizotia kwenye boksi vichwa vyake laini, biti (ncha ya bisibisi) usipoikalisha sawasawa inachana. Nyota moja nimekata hapo.

Ila kazi inafanya jamani. Bunduki yangu ilikuwa inanichanganya, risasi kadhaa zinaingia karibu karibu, zinazofuata zinahamia kushoto nazo zinakaa pamoja vizuri tu, ukizungusha tareti (nobu ya darubini ya kurekebisha shabaha) kuzirekebisha zinarudi zenyewe kulekule. Wakaniambia mtutu umekwisha, wengine badilisha risasi, mwingine akataka kuniuzia darubini mpya (bei yake we acha tu). Lakini mtutu uliochoka unatawanya ovyo, hauleti mafungu mawili safi namna hiyo, hiyo mara nyingi ni kitu kinacheza na kina sehemu mbili za kukaa, bunduki ikipiga teke kinahama.

Nikapaka alama ya rangi ya kucha pale ringi inapokutana na bomba la darubini, nikapiga risasi chache, alama ikakatika. Darubini inateleza kwenda mbele kwenye zile ringi zangu za zamani! Ndo nikaweka hii maunti. Na usidharau kuchezacheza kudogo, ringi zikiwa zimeachana mm 100 halafu moja ikasogea pembeni mm 0.1 tu, ile kwenye shabaha ya mita 100 ni sentimita 10 nzima.

Kuifunga: toa risasi zote kwanza, futa mafuta kwenye nyuzi za skrubu, isukume maunti mbele mpaka iguse ukingo wa mfereji wa reli (ile pau ya juu ya bunduki inayoshika maunti) ndo ukaze, maana usipofanya hivyo teke la kwanza litaisogeza lenyewe. Ringi kaza kwa kupokezana huku na huku, na tumia bisibisi ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), ringi nyingi zinataka kama Nm 2 hivi, soma karatasi ya kiwanda. Hii habari ya kukaza mpaka mkono unauma ndo inabonyeza bomba, kisha kliki za tareti zinagoma ndani watu wanalaumu darubini. Kwa kweli kama hela ni ya kitu kimoja ningesema nunua hiyo bisibisi kwanza, ringi za kawaida zilizokazwa sawa zinawatosha wengi.

Tangu niifunge ziro (pale msalaba wa darubini na risasi vinapokutana) haijahama, hata baada ya kubebwa kwenye gari barabara mbovu.

Isichotibu ni darubini mbovu yenyewe. Jaribu hivi, panda kliki 40 za robo MOA (kipimo cha pembe, MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100), kwenye mita 100 mashimo yapande kama sentimita 29, ukishusha yarudi palepale, yasiporudi maunti haina kosa. Au weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga usiiguse, sogeza kichwa tu, msalaba wa ndani ya darubini ukitembea juu ya shabaha hiyo ni paralaksi, rekebisha kama darubini yako ina hiyo nobu, kama haina weka shavu palepale kila mara.

Wenye bunduki za upepo za springi msiinunue, nyingi zina reli ya mm 11, hii maunti haikai kabisa, na zile zinapiga teke nyuma na mbele, tafuteni yenye pini ya kuzuia.

Nyota 4.