Regyuleta ya kurekebisha presha ya mafuta kwenye injini ya turbo, hapa Malindi: uzoefu wangu

Nazungumzia ile regyuleta ya alumini yenye skrubu juu, geji ndogo ubavuni, matundu mawili ya kuingizia mafuta na moja chini la kuyarudisha tangini. Nimeitumia tangu kaskazi ya mwaka jana kwenye injini ya lita 2, silinda 4, yenye turbo, injekta (vipulizia mafuta) za 440 cc kwa dakika, pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa na kompyuta ya injini inayoweza kuprogramiwa. Kazi yake inaiweza. Shida ni kwamba wengi huinunua ili iwaepushe na gharama ya injekta kubwa, na hiyo si kazi yake.

Ndani mna kiwambo cha mpira na springi. Springi huamua presha ya msingi, nacho kipira cha vakyumu, yaani bomba dogo la mpira linalotoka kwenye manifoldi (njia ya kuingizia hewa kwenye injini), huipandisha na kuishusha kufuatana na hewa inayoingia. Turbo ikisukuma bar 0.8, mafuta nayo hupanda kwa 0.8, na geji iliyokuwa kwenye 3 husoma 3.8. Injekta yenyewe haihisi tofauti yoyote, kwa sababu presha ya mafuta nyuma yake bado inaizidi ile ya manifoldi mbele yake kwa bar 3 zile zile.

Ukiongeza presha ya msingi unapata mafuta zaidi, lakini machache kuliko watu wanavyodhani, maana mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Injekta ya 440 cc kwa bar 3 hutoa takriban 475 kwa bar 3.5, na 508 kwa bar 4. Ukizitaka zifike 880, presha iwe bar 12! Hakuna pampu ya tangini itakayokupa hiyo. Tena kila presha inapopanda, lita za pampu hupungua, umeme inaokula huongezeka, na injekta huchelewa zaidi kufunguka.

Sisi wa pwani tunayo sababu nzito ya kuihitaji. Magari mengi ya turbo yanayoteremka huku yamepangiwa kiasi cha mafuta Nairobi. Kule ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ina presha ya kama kPa 83 (kPa 100 ni bar 1). Hapa Malindi ni 101. Geji ya turbo huanza kuhesabu kutoka hewa ya nje, kwa hiyo bar 0.8 ya Nairobi, ukijumlisha na hewa ya nje, ni kPa 163, na bar 0.8 hiyo hiyo hapa ni kPa 181. Sindano imesimama pale pale, lakini injini imevuta hewa zaidi kwa asilimia 11 hivi, na mafuta lazima yafuate. Injekta zilizokuwa wazi kwa asilimia 80 ya muda sasa zinakaribia 89. Mpaka wa usalama ni 85. Kwa mizunguko 6,500 kwa dakika, silinda ina milisekunde 18.5 tu kutoka mpuliziko mmoja hadi mwingine. Injekta ikikosa nafasi ya kujifunga sawasawa, kila moja huanza kutoa kiasi chake. Silinda inayopata machache ndiyo inayogonga, kisha pistoni yake hutoboka.

Halafu kuna ramani ya kompyuta, yaani jedwali la namba za mafuta kwa kila kiwango cha presha ya hewa. Kama turbo ilipimwa hadi bar 0.8 tu, safu ya kPa 180 haikuwahi kufikiwa Nairobi, kwa hiyo namba zake ni za kukisia. Hata injini isiyo na turbo haifiki safu za 90 hadi 100 ikiwa kule juu. Gari ikishuka, dai safu hizo zipangwe upya hapa hapa, hata kama aliyeipanga ni fundi hodari.

Kwa hali hiyo, kutoka bar 3 kwenda 3.5 kunairudisha ile 89 hadi karibu 82, na hapo regyuleta hii inastahili kila shilingi. Lakini kompyuta iambiwe: ukubwa wa injekta uandikwe 475, na ule muda ambao injekta imeshapata umeme lakini haijafunguka uongezwe kidogo. Usipofanya hivyo gari itachoma mafuta mengi kwa asilimia 8 kila mahali, na mngurumo utayumba ukiwa umesimama. Kompyuta ya kiwandani hujisahihisha kwa sensa ya oksijeni ukienda polepole, ila ukikanyaga hadi mwisho haiisikilizi tena. Ukiona unahitaji kupita bar 4, weka regyuleta kando ununue injekta.

Kufunga si kazi kubwa. Toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha ondoa hasi ya betri. Regyuleta ikae baada ya reli (bomba linalogawia injekta mafuta), kwenye njia ya kurudi. Mpira wa kupitishia mafuta uwe wa injini za injekta, si ule wa kabureta, na klipu ziwe za mviringo laini. Zile zenye matundu hukata mpira. Usiweke tepu nyeupe kwenye nyuzi za viungio, maana vipande vyake hukatika na kuzunguka na mafuta. Tumia gundi ya nyuzi isiyoyeyuka kwa petroli. Wakati wa kuwasha mara ya kwanza awepo mtu na kizima moto mkononi.

Kuseti ndiko wengi wanakokosea. Injini iwe imepata moto, inanguruma bila kukanyagwa. Chomoa kipira cha vakyumu na uzibe ncha inayotoka kwenye manifoldi. Legeza nati, zungusha skrubu robo kwa robo, subiri sindano itulie, kaza nati, kisha soma tena, kwa sababu kukaza nati huisogeza. Sasa rudisha kipira: presha ishuke kwa 0.5 au 0.6. Isiposhuka, kipira kimeziba au kimechomekwa mahali pasipo na vakyumu. Na kama umelegeza skrubu yote lakini geji inang'ang'ania 4, skrubu haina kosa. Bomba la kurudi ni jembamba au limejikunja.

Geji iliyokuja nayo ndiyo ninayoilalamikia. Ni ile iliyojaa kimiminika, yenye kizibo kidogo cha mpira mgongoni. Joto la injini likipanda, kimiminika hutanuka, presha hujikusanya ndani ya kasha na kuirudisha sindano nyuma. Asubuhi inasoma 3.0, baada ya foleni ya mchana inasoma 2.6, na mafuta yenyewe hayajabadilika. Fundi asiyelijua hili hukaza skrubu, na kesho yake gari inanuka petroli na plagi ni nyeusi tititi. Nyanyua kile kizibo kidogo kwa ukucha, hewa itoke, sindano itarudi. Kwa kuseti kabisa, tumia geji kavu ya fundi, si hii.

Baada ya hapo pima injini ikiwa na mzigo. Gia ya 2 inatosha, mahali pasipo na matuta wala watu, na mwenzako asome namba. Kwa bar 0.8 ya turbo juu ya msingi wa 3.5, geji isome 4.3 na ibaki hapo hadi mwisho. Ikianguka juu ya mizunguko 5,000, pampu haitoshelezi. Kabla ya kununua nyingine, badilisha chujio, kisha pima umeme kwenye plagi ya pampu: betri ikiwa 13.8 na pampu inapata 11.5, nyaya ni nyembamba au zimeliwa na chumvi, jambo la kawaida kwa gari linalolala karibu na bahari. Rilei yenye waya wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya ampea 20 huliponya. Uwiano wa hewa kwa mafuta uwe karibu na 11.5 kwa 1 ukikanyaga hadi mwisho.

Injekta zipelekwe kwenye mashine ya kupima kabla ya yote haya. Kila moja ya 440, ikiachwa wazi sekunde 30 kwa bar 3, ijaze 220 cc, na nne zisipishane zaidi ya asilimia 3. Zikitofautiana, kupandisha presha hakusawazishi kitu. Ukinunua kubwa zaidi, pima omu (ukinzani wa umeme) kwanza: 12 hadi 16 unachomeka moja kwa moja, 2 hadi 4 zinataka rezista, ama utaunguza kompyuta. O-ringi zipakwe oili safi ya injini na injekta isukumwe kwa mkono huku ukiizungusha.

Kile kipira cha vakyumu cha kwenye boksi nimekitupa. Ndani ya miezi 3 kilipasuka mdomoni, na kikipasuka wakati turbo inasukuma, presha ya mafuta haipandi na injini inakosa mafuta pale pale inapoyahitaji. Weka cha silikoni cha milimita 4, ukifunge pande zote mbili. Kila unapobadilisha oili kichomoe unuse: kikinuka petroli, kiwambo kimetoboka na regyuleta ibadilishwe siku hiyo hiyo.