Msongo wa jioni: kutembea au kujilaza na simu?

Umetoka kazini, foleni ya Mbagala imekumaliza, taya zimekaza, mtoto akiuliza kitu kidogo unafoka. Huo ni msongo, usiuite uchovu.

Simu inavutia kwa kuwa haidai chochote: unajilaza, unacheka video mbili tatu, mawazo yanakaa kando. Tatizo ni mabishano ya kwenye magrupu na habari mbaya. Mwili unaamka upya, usingizi unachelewa.

Kutembea kunadai viatu na utashi (na mtaa wenye taa, tuseme ukweli). Ila misuli iliyojikaza hupata kazi, pumzi hutulia, usiku unalala. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha.

Mimi nachagua miguu. Simu ibaki ya siku za mvua, tena isiingie kitandani.