Uzoefu wangu na JSON-RPC 2.0: programu mbili zinapoitana huku na huku

Nilihitaji programu mbili ziitane fankisheni, na si upande mmoja tu. Ya kwanza ni kihariri, ya pili ni mchambuzi wa msimbo anayeendeshwa pembeni. Kihariri kinauliza faili hili lina makosa gani, lakini mchambuzi naye, kazi ikiwa katikati, anataka kujua mipangilio ya mradi. Kwa HTTP ya kawaida swali hilo la pili halina pa kupitia, maana seva hujibu tu, haianzi mazungumzo. JSON-RPC 2.0, itifaki ya programu kuitana fankisheni kwa jumbe za maandishi ya JSON, nimeitumia kwanza kupitia stdin na stdout (njia za kawaida za programu kupokea na kutoa data), baadaye juu ya WebSocket, muunganisho wa mtandao unaobaki wazi kwa pande zote mbili. Nimeridhika nayo, ila ina mtego wake.

Kilichonivutia ni ufupi. Maelezo yake rasmi, ya mwaka 2010 na kurekebishwa 2013, unayamaliza kwa mkao mmoja. Ombi zima ni hili:

{"jsonrpc":"2.0","method":"somaMipangilio","params":["lugha"],"id":7}

Jibu hurudi na "id" ileile, likiwa na "result" au "error", kamwe si vyote viwili. Ukiiacha "id", ujumbe unakuwa taarifa na mpokeaji hatakiwi kuijibu. Programu moja inaruhusiwa kuwa mwitaji na mwitwaji kwa pamoja. Je, "id" 7 yangu na "id" 7 yake zikipishana njiani? Hazigongani. Ujumbe wenye "method" ni ombi la mwenzangu. Usio nayo ni jibu la ombi langu. Kila upande una hesabu yake ya namba.

Sasa mtego. Kihariri kinaita mchambuzi, kisha kinasimama kusubiri jibu. Mchambuzi, kabla hajajibu, anakiita kihariri. Kihariri hakisomi tena, kinasubiri. Ni watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie. Na ubaya wake ni ukimya: hakuna kosa kwenye kumbukumbu za matukio (log), kichakataji hakichemki, programu zote mbili zinaonekana nzima. Dawa ni kuhakikisha kitanzi cha kusoma hakisubiri chochote. Kikipata jibu, kinamwamsha aliyekuwa akilingoja; kikipata ombi, kinalikabidhi kwa thredi nyingine (njia ya utekelezaji inayokwenda sambamba ndani ya programu hiyohiyo) na kurudi kusoma papo hapo. Maktaba moja niliyoijaribu ilikuwa ikitekeleza maombi ndani ya kitanzi hichohicho, nikaiacha. Kabla hujachagua yako, andika fankisheni ambayo ikiitwa inamwita aliyeiita kabla ya kurudisha jibu. Ikiganda, tafuta nyingine.

Mambo ya muda wa kusubiri, kufuta ombi na muunganisho kukatika hayamo kabisa kwenye JSON-RPC, unajitengenezea. Mstari ukikatika, maombi yote yaliyokuwa yakingoja lazima uyarudishe na kosa, la sivyo yatangoja milele. Language Server Protocol, itifaki ya vihariri kuzungumza na wachambuzi wa msimbo iliyojengwa juu ya JSON-RPC, imeziba baadhi ya mapengo hayo: ina "$/cancelRequest" ya kufuta ombi, na kila ujumbe hutanguliwa na Content-Length ili msomaji ajue unaishia wapi. Kwenye stdin utalihitaji hilo au kitu kama hicho. WebSocket hutenganisha jumbe yenyewe.

Namba za makosa nazipenda. Ukiona -32601 unajua moja kwa moja kwamba mwenzako hana fankisheni uliyoita, -32602 vigezo vibaya.

Nilipima pia gRPC, mfumo mwingine wa programu kuitana fankisheni. Mikondo yake ya pande mbili ni ya kasi, lakini bado mteja ndiye anayefungua wito. Seva ikitaka kumwita mteja, unajijengea utaratibu wako ndani ya mkondo. Kwa kazi yangu hiyo ni safari ndefu bila sababu.

JSON haibebi fankisheni wala data ghafi. Picha ikipitia base64 (njia ya kuandika data ghafi kwa herufi za kawaida) inanenepa kwa theluthi moja, kwa hiyo vitu vizito naviandika kwenye diski na kumtumia mwenzangu njia ya faili tu.